Kumi na Saba: Pole au Hongera?

Kijiwe chetu ni mlango wa friji. Sitanii. Ni mlango wa friji kubwa ya duka la nyama, iliyokufa zamani, umelazwa juu ya kompresa mbili zilizokufa pamoja nayo, ukasukumwa ukutani kati ya karakana ya fundi friji na saluni ya kinyozi. Asubuhi yenye baridi hakuna kiti kinachoushinda. Sponji lililo ndani yake halipitishi baridi, ukikaa kidogo unaanza kupata joto kwa chini, ndiyo maana watu wakishakaa hawanyanyuki, na kikombe kimoja cha kahawa wanakibembeleza kama mtoto. Mimi ndiye mwenye birika, na tabia zao nimezizoea. Lakini Jumamosi hiyo nilipofika nilimkuta fundi friji amekaa peke yake, shati limepigwa pasi, kofia iko mkononi badala ya kichwani, uso kama wa mtu aliyevunja sahani ya jirani. Tunamwita Baba Sayari, kwa sababu binti yake ni mtaalamu wa sayari, anayechunguza magimba ya huko juu na kuandika aliyoyaona. Binti huyo alikuwa anakuja saa nne. Na baba mtu hakujua akimpokea amwambie pole au amwambie hongera.

— Alinipigia jana asubuhi, — akaanza, kijiwe kilipojaa. — Hata salamu hakumaliza. Akasema, "Baba, wewe ndiye wa kwanza kukuambia, nimefika kumi na saba!"

— Kumi na saba ya nini? — akauliza Mwalimu Desimali. Huyu ni mstaafu, alifundisha hesabu, na jina hilo alipewa na wanafunzi kwa sababu hakuwahi kumpa mtu alama nzima.

— Sasa si ndiyo nakuulizeni?

— Na wewe ulimjibuje?

Baba Sayari akavitazama viatu vyake.

— Nilisema, "Mm. Ndiyo hivyo, mwanangu."

Kinyozi akashika kichwa. Alikuwa amesimama mlangoni kwake na mashine mkononi, na ndani ya saluni kuna mtu amenyolewa nusu.

— "Ndiyo hivyo"! Mzee wangu, hilo nalo ni jibu?

— Ningejibu nini?

— Naye akasemaje?

— Akanyamaza. Nikamsikia anapumua tu. Halafu akasema, "Nitakuja kesho tunywe kahawa, tuongee." Akakata.

Nilimmiminia kikombe na sikumwambia kitu, maana nilimwona anavyoumia. Huyu mzee ana mtoto mmoja tu. Amemlea mwenyewe humu humu karakanani, binti anafanyia masomo ya shule juu ya friji zilizolala chali.

— Mpigie umuulize, — nikasema mwishowe.

— Siwezi, Mama Kahawa.

— Huwezi nini? Vidole huna?

— Wewe hukuwepo siku anavalishwa joho, — akasema. — Wakubwa wake walinizunguka, wananiuliza kwa heshima kama naelewa anachofanya binti yangu. Nikawaambia naelewa. Nikawaeleza ile kazi yake ya barafu kwa mfano wa friji. Basi akafurahi mpaka machozi. Tangu siku hiyo kila mahali anasema, "Baba yangu ndiye pekee anayenielewa." Nikimuuliza leo kumi na saba ni nini, si nimejianika?

Hapo sote tukaelewa. Mzee alikuwa amepandishwa juu ya jukwaa na ngazi ikaondolewa.

— Basi tulifanye kitaalamu, — akasema Mwalimu Desimali akikohoa kama anayeingia darasani. — Kumi na saba juu ya ngapi? Swali ni hilo. Ikiwa ni juu ya ishirini, binti ni moto wa kuotea mbali, mwambie hongera. Ikiwa ni juu ya mia, bwana, mtoto amefeli, arudie.

— Arudie nini, ana miaka arobaini! — akasema Kinyozi.

— Elimu haina umri. Sifuri pointi kumi na saba. Mimi ningempa kazi ya nyumbani.

Uso wa Baba Sayari ukasinyaa. Refa akaona huruma, akaingilia. Refa alichezesha mechi za mtaa huu mpaka magoti yakagoma, na filimbi bado iko shingoni.

— Mwalimu, usimtishe mzee wa watu. Sikia, Baba Sayari. Amesema "nimefika." Mtu hufika mahali. Hiyo ni nafasi kwenye msimamo wa ligi.

— Kwa hiyo ni ya kumi na saba? — akauliza mzee.

— Ya kumi na saba.

— Ligi ina timu ngapi?

Nikamwona Refa anahesabu kwa macho.

— Kwa kawaida ishirini, — akasema taratibu.

— Basi anakaribia kushuka daraja! — akapiga kelele Kinyozi.

— Sijasema hivyo!

— Umesema! Umesema wewe mwenyewe, filimbi ikiwa shingoni!

— Inategemea alianzia wapi, bwana! Kama alikuwa mkiani, kufika kumi na saba ni kunusurika. Huyo unamwambia hongera na pole kwa mpigo.

Mzee akageuza kofia upande wa pili, kana kwamba jibu limeandikwa ndani.

Ikabidi Refa atoe simu. Ni simu nzuri, kubwa kama sinia, ila kifurushi chake huwa kinaishi maisha mafupi. Akaandika jina la binti, tukajazana mabegani kwake, hata yule mteja aliyenyolewa nusu akatoka na shuka shingoni. Akamwona. Picha ya binti ilikuwa inacheka, na chini yake orodha ndefu ya makala alizoandika, majina marefu ya kuvunja ulimi, na kila makala ina namba yake pembeni. Kando kabisa, ndani ya kisanduku, imekaa peke yake: 17.

— Ipo! — tukasema kwa pamoja, kama tumeona mwezi.

— Hizi namba za pembeni, — akaeleza Mwalimu, miwani imeshuka puani, — ni mara ambazo wenzake wameitaja kazi yake ndani ya kazi zao. Hilo nalijua. Ukitumia kazi ya mwenzio, unamtaja chini ya ukurasa. Hii imetajwa mara mia na kitu. Hii themanini. Hii thelathini.

— Sasa ile kumi na saba ya kisandukuni?

— Hiyo... hiyo ni ya kisandukuni.

— Tafuta mtu mwingine tulinganishe, — akasema Kinyozi.

Refa akabonyeza jina la mtaalamu mwingine, mzee mwenye ndevu. Kisandukuni mwake: 62.

— Sitini na mbili! — akasema Baba Sayari kwa sauti ya mgonjwa.

— Bonyeza mwingine, haraka!

Kijana mmoja wa shingo nyembamba. Kisandukuni: 4.

Baba Sayari akarudishiwa rangi, akanywa na kahawa funda moja kubwa. Refa akabonyeza wa tatu, kigurudumu kikazunguka, kikazunguka, kikasimama. Kifurushi kimekata roho.

— Kwa hiyo ni katikati ya nne na sitini na mbili, — akasema Mwalimu kwa kuridhika. — Tumepiga hatua.

Wakati huo akaja mama mmoja mgeni, mnene, mwenye haraka zake, amejizungushia begani mpira wa mlango wa friji kama mshipi wa mshindi. Akauliza fundi ni nani. Baba Sayari akanyoosha kidole juu kinyonge. Mama akaeleza kwamba friji yake inatoka jasho na chini inatuama maji, na mpira ni huu hapa, ameung'oa mwenyewe. Mzee akamwambia akae, anakuja kumhudumia, kuna jambo kidogo. Mama akakaa mwisho wa mlango, nikampa kahawa, akaanza kusikiliza. Kijiweni kwetu huhitaji kualikwa kwenye mazungumzo. Ukikaa tu umeshaingia.

Kinyozi ndiye aliyetuharibia asubuhi. Alikuwa amenyamaza muda, na Kinyozi akinyamaza ujue anapika kitu.

— Jamani, — akasema kwa sauti ya chini. — Wataalamu wa sayari wanasoma nini?

— Sayari.

— Na kusoma kote huko mwisho wake nini? Si kwenda? Mtu hasomi jikoni maisha yake yote asipike. Sasa wanapangwa foleni. Yule wa sitini na mbili yuko nyuma sana. Binti yetu amefika wa kumi na saba.

— Na yule kijana wa nne? — akauliza Refa.

— Huyo ameshafunga mizigo.

Mtu wa nusu nywele akasema "Mungu wangu" na kujifunika shuka vizuri.

— Ndiyo maana alinyamaza kwenye simu! — Kinyozi akaendelea, sasa amejiamini mwenyewe kabisa. — Ndiyo maana akasema atakuja muongee! Mzee, huyu mtoto anakuja kuaga! Na chombo chenyewe kikiondoka hakirudi wiki ijayo. Ni miaka!

— Wee! — nikamkemea. — Funga hilo domo ukamalize kichwa cha mtu!

Lakini maneno yalishatoka. Baba Sayari alikibamiza kikombe chini, na kahawa ikamwagika kwenye suruali yake ya pasi. Najua kwamba hakuamini. Ni mtu mzima, ana akili zake. Ila mtu mwenye mtoto mmoja haamini na bado anaogopa.

— Samahani kuingilia, — akasema yule mama wa mpira. — Huyo binti ni wako?

— Wangu.

— Na alipokupigia, alikuwa ameshawaambia wangapi?

— Hakuna. Alisema mimi ndiye wa kwanza.

— Basi, — akasema mama, akanywa kahawa yake. — Mimi watoto wangu kwanza huambia mitandao, halafu marafiki, mimi huambiwa na jirani.

Nilimwona mzee anavuta pumzi na mabega yanashuka mahali pake. Alikuwa bado anafuta suruali kwa kofia alipotokea binti pembeni mwa saluni, anatembea kwa miguu, mkoba umening'inia upande mmoja, kiatu kimejaa vumbi. Mtaalamu gani wa sayari, anafanana na sisi tu! Ana macho ya baba yake, makubwa na ya kuomba radhi hata kama hajakosa.

— Shikamooni.

— Marahaba! — kijiwe kizima, hadi mteja wa Kinyozi, ambaye nadhani ni mdogo wa binti kwa miaka kumi.

Baba Sayari akasimama. Akafungua mdomo. Akamtazama Mwalimu, Mwalimu akaangalia angani. Akamtazama Refa, Refa akashika filimbi. Basi mzee wa watu akajikaza akazitoa zote mbili.

— Pole, mwanangu. Na hongera.

Nilitamani kuingia ndani ya birika nijifunike. Binti alisimama palepale na mkono kwenye mkanda wa mkoba. Kisha macho yake yakajaa machozi, na huku yamejaa akaanza kucheka.

— Baba, umejuaje?

Kinyozi akapuliza nywele kwenye mashine ambayo haikuwa na nywele.

— Tangu jana watu wote kazini wananiambia hongera, — akasema binti. — Wote. Hongera, hongera, mpaka wameleta maua. Hakuna hata mmoja aliyeniambia pole. Ni wewe tu.

Refa akainua kidole ili aseme jambo. Nikamjazia kikombe mpaka pomoni ili ashughulike nacho. Niliona mzee anaweza kabisa kuliacha lipite hivyo hivyo, akabaki kuwa baba pekee anayeelewa, na sisi tungemfichia siri mpaka kaburini, isipokuwa Kinyozi. Lakini hakuweza. Alikaa chini kwa uzito.

— Sikujua, mwanangu. Nilikuwa nabahatisha. Sijui hata hiyo kumi na saba ni kitu gani. Jana nilisema "ndiyo hivyo" kwa sababu sikuwa na lingine.

Binti akamtazama. Kisha akajisukumia kati ya baba yake na yule mama, akakaa juu ya mlango wa friji, akamshika baba yake mkono.

— Sasa sikiliza. Chukulia umetengeneza friji nyingi maishani. Zingine zimekuletea wateja wengi kwa sababu watu waliziona zikagandisha vizuri, zingine hakuna aliyeziona. Sasa ukipata friji kumi na saba, ambazo kila moja imekuletea wateja wasiopungua kumi na saba, wanakuandikia kumi na saba. Ndiyo hiyo tu. Wateja wangu ni wale wanaonitaja kwenye kazi zao.

— Kumbe! — akasema Mwalimu Desimali, akaanza kuizidisha kimoyomoyo, midomo inacheza.

— Kwa hiyo si kushuka daraja, — akasema Refa.

— Wala kusafiri? — akauliza Kinyozi.

— Kusafiri wapi?

— Basi tu. Niliuliza.

— Basi ni hongera! — akasema Baba Sayari, uso umefunguka wote. — Hongera sana! Sasa pole ni ya nini?

Binti akauachia mkono wake, akaushika tena.

— Nilikuwa na kumi na sita, Baba, kwa muda mrefu. Makala moja ilikuwa imebakiza kutajwa mara moja tu ili nipande. Moja. Wiki hii ikatajwa. Nikaifungua hiyo kazi ya aliyenitaja, nimefurahi. Nikakuta amenitaja ili aonyeshe kwamba nilikosea.

— Kakosea yeye! — akasema baba papo hapo.

— Hapana. Nimehakiki kwa siku kadhaa. Vipimo vyake ni vizuri. Nilikosea mimi. Na ni ile ya barafu, Baba. Ile yetu.

Mimi naijua ile ya barafu. Sisi sote tunaijua. Ndiyo kazi pekee ya binti ambayo Baba Sayari anaielewa toka mwanzo hadi mwisho, na amemsimulia kila mteja aliyewahi kukanyaga karakana hii. Kuna mwezi unaozunguka sayari ya mbali sana, na upande mmoja wa mwezi huo umeganda barafu nyeupe. Binti alikumbuka jinsi baba yake alivyokuwa akimfundisha utotoni kutazama barafu ndani ya friji kabla ya kushika spana, aone imeanzia wapi kuganda, ajue gesi inapita wapi. Basi akaandika kwamba barafu ya mwezi ule inatoka chini, kwenye nyufa. Mzee aliitembelea hadithi hiyo kila siku kama shamba lake.

— Ndiyo maana nilinyamaza kwenye simu, — akasema binti. — Nilianza na namba kwa sababu ndiyo ilikuwa rahisi kusema. Halafu sikujua nikuambieje lililobaki. Niliogopa utaumia. Kwa hiyo pole na wewe, Baba.

Baba Sayari aliumia, sitasema uongo, nilimwona anaumia. Alipapasa ule mlango tuliokalia, kama anayetafuta ufa. Halafu nikaona kitu kinatulia usoni pake, akacheka kidogo kupitia puani.

— Yaani wewe uliogopa kuniambia umekosea, na mimi niliogopa kukuambia sijui.

— Ndiyo.

— Na wote tukalala vibaya.

— Mimi sikulala.

— Basi tumefanana, — akasema mzee, na nilisikia fahari ndani ya sauti yake, fahari kubwa kuliko ya siku zote alizokuwa akisimulia ile barafu.

Mtu wa nusu nywele akajipangusa macho kwa pembe ya shuka. Yule mama wa mpira wa friji alikuwa amesikiliza kwa makini mno, paji la uso limekunjana, kikombe kitupu magotini. Akamgeukia binti.

— Sasa mwanangu, hiyo barafu. Kama haitoki chini, inatoka wapi?

Tukamgeukia binti sote. Mwalimu, Refa, Kinyozi, baba mtu. Nilitegemea neno refu la kuvunja ulimi.

— Hatujui, mama, — akasema binti.

— Hata yule aliyekukosoa?

— Hata yeye. Anajua tu kwamba haitoki nilikosema mimi. Hakuna anayejua.

Na alivyolisema hilo, macho yaling'aa, machozi hata hayajakauka vizuri. Alionekana kama mtu aliyeambiwa kwamba kuna chumba kingine ndani ya nyumba yake ambacho hajawahi kukifungua. Kinyozi, kwa mara ya kwanza tangu niweke birika langu hapa, hakuwa na maelezo, akarudi zake ndani kumalizia ule upande wa pili wa kichwa. Nikainamisha birika kwenye kikombe cha binti, likatoa matone mawili na mashapo, basi. Kahawa imekwisha.

— Na friji yangu je? — akauliza mama. — Hiyo nayo hakuna anayejua?

— Aa, hiyo naijua, — akasema Baba Sayari, akavaa kofia yake kichwani. — Mpira umechoka, na umeung'oa vibaya. Twende ndani.

Binti akaweka mkoba wake juu ya mlango, mahali alipokuwa amekaa baba yake, akaniomba nimwangalizie. Akaingia naye karakanani, na nilipokuwa naosha vikombe nikamsikia mzee anamwambia ashike tochi, amulike chini kidogo, chini kidogo, hapo hapo.